Nililipa deni la kadi yangu, benki inasema haijaona kitu

Ami mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa nyumba ndogo ya wageni hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, yenye vyumba vitano. Nina kadi ya mkopo ya benki kwa mwaka wa sita sasa, na niliichukua kwa sababu moja tu, kwamba mtandao unaotuletea wageni hukata kamisheni yake kwenye kadi, na vifaa fulani ninavyoagiza ng'ambo havilipiki kwa njia nyingine. Tangu siku ya kwanza nilijiwekea sharti la kulipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, maana sitaki riba iingie nyumbani kwangu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kutozwa hata shilingi moja.

Mwezi wa Agosti taarifa ya kadi ilionyesha deni la shilingi 86,450, la kulipwa kufikia siku ya Jumatatu. Jumamosi jioni, nyumba ikiwa imejaa wageni, nilikaa jikoni nikalipa kwa simu kupitia paybill ya benki, yaani nambari yake ya kupokelea malipo ya simu. Nambari ya akaunti hata sikuiandika. Simu ilinikumbusha yenyewe ile niliyoizoea, nami nikaichagua. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, pesa zikatoka, nikalala nimetulia. Taarifa iliyofuata ilikuja na deni lile lile kama lilivyokuwa, na juu yake faini ya kuchelewa ya shilingi 2,000 na riba ya shilingi 3,026.

Nimepiga simu benki mara nne. Kwanza niliambiwa nisubiri saa 24, kisha saa 48, kisha siku saba za kazi, na mara ya nne nikaambiwa niipigie kampuni ya simu. Kampuni ya simu inasema pesa ziliifikia benki dakika ile ile. Benki inasema kwenye kadi yangu hakuna kilichoingia. Karani wa tawi letu, kijana mwenye adabu zake, aliniambia mambo ya kadi ni ya Nairobi. Ajabu ni kwamba mwezi wa Juni na wa Julai nililipa taslimu kwenye dirisha lake hilo hilo na hapakuwa na tatizo. Labda niseme pia, ingawa sidhani kama lahusika, kwamba kadi hii ni mpya: ya kwanza ilizama pamoja na mkoba wangu nikipanda boti Mokowe mwezi wa Mei, bahari imechafuka, na benki ikanipa nyingine.

Nilipoandika malalamiko kwenye ukurasa wa benki mtandaoni, haikupita saa moja, mtu mwenye nembo ya benki alinitumia ujumbe wa faragha akitaka nambari nzima ya kadi, zile tarakimu tatu za nyuma, na nambari ya siri itakayoingia kwenye simu yangu, ili anirudishie pesa. Sijamjibu.

Mume wangu anasema nilipe tena yaishe. Kaka yangu anasema nisitoe hata senti, niikate kadi kwa makasi na nitafute wakili. Tarehe ya kulipa ya mwezi huu imebakisha siku kumi na mbili. Naogopa kuorodheshwa CRB, yaani kwenye mashirika yanayoweka kumbukumbu za wakopaji, kwa kuwa nimekusudia kuomba ufadhili wa boti ya kubebea wageni. Pesa zangu ziko wapi, na nianze na lipi? Nimeambatanisha picha ya ujumbe wa simu na ya taarifa ya kadi, nambari nimezifunika isipokuwa tarakimu nne za mwisho.

Mama wa Mkomani, Lamu

*

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikaziweka zile picha zako mbili ubavu kwa ubavu. Ujumbe wa simu unasema pesa zililipwa kwenye akaunti inayoishia 4417. Taarifa ya benki ni ya kadi inayoishia 9082. Hizo si nambari moja. Lile ulilosema hudhani kama lahusika, la mkoba kuzama Mokowe, kwa maoni yangu ndilo lenyewe.

Kadi ikifikia mwisho wa muda wake, mara nyingi benki hukupa nyingine yenye nambari ile ile na tarehe mpya. Ikipotea, hali ni nyingine: ile nambari hufungwa ili atakayeiokota asiitumie, nawe hupewa kadi yenye nambari mpya. Juni na Julai ulikwenda dirishani, na karani akaisoma kadi uliyokuwa nayo mkononi, kwa hiyo pesa zikaenda zinakostahili. Agosti ulirudi kwenye simu, na simu haina habari ya mkoba wako. Ilikupa nambari uliyoitumia miaka yote, yaani ya kadi iliyofungwa. Mimi siyaoni madaftari ya benki yako, wala siwezi kukuapia, lakini katika miaka niliyokaa nyuma ya dirisha la benki huku Malindi, mambo mengi ya namna hii yaliishia hapo.

Huenda ukajiuliza kwa nini mfumo haukuikataa nambari mbovu. Jibu ni kwamba haikuwa mbovu. Tarakimu ya mwisho ya kadi haiwekwi ovyo. Hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950, na kazi yake ni kumnasa mtu aliyekosea tarakimu moja katika kuandika. Mfumo unaokagua kwa kanuni hiyo ungekurudisha kama ungeandika 7 mahali pa 1. Ila wewe hukukosea hata tarakimu moja. Nambari uliyoilipa ni sahihi kwa hesabu, ni ya kwako, na ilitolewa na benki ile ile. Kasoro yake ni kwamba haitumiki tena.

Baadhi ya benki huziunganisha nambari hizo mbili, ili malipo ya kadi ya zamani yahamie kwenye mpya bila wewe kujua. Yasipohamia, pesa hukaa katika mojawapo ya mahali pawili: ama kwenye hesabu ya kadi iliyofungwa, zikionekana kama ziada yako, ama kwenye akaunti ambayo watu wa benki huiita sapensi, ambamo huwekwa kila pesa iliyopokelewa bila kujulikana ya nani. Kumbe basi kampuni ya simu imekwambia kweli, na benki nayo haikudanganya iliposema kwamba kwenye kadi yako hakuna kilichoingia. Kila ulipopiga simu, aliyekujibu alikutaka nambari ya kadi, ukampa hii mpya, akaifungua, akakuta patupu. Wametafuta mara nne mahali ambapo pesa hazipo.

Kwa hiyo usiwaombe tena waitazame kadi. Waombe watafute kwa ule msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi, ulio mwanzoni mwa ujumbe wa simu. Kila malipo ya paybill huifikia benki yakiwa na msimbo wake, kiasi, siku, saa, na nambari ya akaunti aliyoiandika mlipaji, na kwa msimbo huo karani anayehusika na upatanisho wa hesabu anaweza kuufikia mstari wenyewe na kuona ulipelekwa wapi. Sharti awe ni huyo karani, maana anayepokea simu kwenye dawati la wateja kwa kawaida hana ruhusa ya kufika huko, na ndiyo sababu alikuwa akikupa saa na siku badala ya jibu.

Karani huyo humfikii kwa simu. Utamfikia kwa barua, mwanangu, na barua ya karatasi. Malalamiko ya simu huacha nambari ya kumbukumbu ukiwa na bahati, bali barua iliyopigwa stempu ya kupokelewa ina tarehe isiyokanika. Chapa nakala mbili, nenda nazo tawini, moja waichukue, nyingine wakugongee stempu na kutia sahihi. Karani akikwambia tena kwamba mambo ya kadi ni ya Nairobi, mwambie kwa upole kwamba tawi ni benki, na kupeleka barua Nairobi ni kazi yao wala si yako. Wala usione lazima kuiandika kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba ya 2010.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja, na hasira ziache nyumbani. Mimi ningeiandika hivi: «Siku ya Jumamosi, tarehe fulani, saa fulani, nililipa shilingi 86,450 kupitia paybill yenu, kwa msimbo huu. Malipo yaliandikwa kwenye kadi yangu ya awali inayoishia 4417, ambayo niliripoti kupotea mwezi wa Mei nanyi mkaifunga na kunipa inayoishia 9082. Naomba muamala huo utafutwe kwa msimbo wake, uhamishiwe kwenye kadi ya sasa kwa tarehe niliyolipa, na faini ya shilingi 2,000 pamoja na riba ya shilingi 3,026 zifutwe. Naomba jibu la maandishi katika siku 14.» Ambatanisha nakala ya ujumbe, za taarifa zote mbili, na ya barua au ujumbe wa kuripoti kupotea kwa kadi ikiwa bado unao. Kwenye barua weka tarakimu nne za mwisho tu za kila kadi. Zinamtosha anayestahili kujua.

Maneno «kwa tarehe niliyolipa» usiyaache kwa hali yoyote. Nimeona watu wakishangilia kwamba pesa zimepatikana, kisha mwezi unaofuata wanarudi tena dirishani na uso umewashuka. Benki inaweza kuzihamisha pesa zako leo na kuziandika kwa tarehe ya leo, na hapo kwa hesabu ya mashine utakuwa umelipa, lakini umechelewa, na faini na riba zitabaki kuwa halali. Tarehe ikirudishwa kwenye ile Jumamosi, itaonekana kwamba ulilipa siku mbili kabla ya mwisho, na msingi wote wa faini na riba utaondoka. Faini ikifutwa kwa hisani ni jambo moja, na rekodi kuonyesha kwamba hukuchelewa ni jingine. Wewe unaitaka ya pili.

Sasa nije kwa mume wako na kaka yako.

Kaka yako, kwa heshima zote, amekosea, na kukosea kwake kunaweza kukugharimu kuliko kukosea kwa simu. Kuikata kadi kwa makasi hakulikati deni. Kwa daftari la benki wewe bado unadaiwa, na kila siku inayopita bila malipo inahesabiwa. Kwa taratibu za Benki Kuu ya Kenya, mkopo uliokaa siku 90 bila kulipwa inavyopasa huingizwa katika mikopo mibovu, na huko ndiko inakotoka ile habari ya CRB unayoiogopa. Wewe hujafika huko hata kidogo, na malipo ya wakati ndiyo yatakayokuweka mbali. Isitoshe, benki inawajibika kukuarifu mapema kabla ya kulipeleka jina lako lenye alama mbaya. Ukitaka utulivu wa moyo, una haki ya kupata ripoti yako mara moja kila mwaka bila malipo kutoka kwa mashirika yenye leseni, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo, na ukikuta humo jambo lisilo kweli una haki ya kulipinga kwa shirika lenyewe. Ningekushauri uichukue ripoti hiyo baada ya mambo haya kwisha, kabla hujaenda kuomba ufadhili wa boti, ili usijeambiwa habari zako na mtu mwingine.

Mume wako yuko karibu na haki, ila neno lake «yaishe» ndilo silikubali, kwa sababu kulipa tena bila kuandika barua ni kuziacha shilingi 86,450 zikae sapensi mpaka usahau. Lipa, na uandike. Kiasi gani ulipe ni hesabu ya nyumba yako. Kima cha chini kilichochapishwa kwenye taarifa ndicho kidogo kabisa kinachokuzuia usihesabiwe kuwa umechelewa tena, lakini hakizuii riba, maana salio lililobaki huendelea kutozwa. Katika kadi nyingi kuna jambo jingine ambalo wateja hawalitambui mpaka limewafika: zile siku za kununua bila riba ni zawadi ya anayelipa deni lote, na deni la mwezi mmoja likisalia, hata manunuzi mapya huanza kutozwa tangu siku yanapofanyika. Kwa mtu mwenye sharti kama lako, basi, ikiwa mapato ya Agosti bado yapo na mishahara ya wasaidizi wako haitaguswa, ningelipa deni lote la mwezi huu, na ndani ya barua niongeze mstari mmoja kusema kwamba malipo hayo ni ya kuzuia riba tu na hayamaanishi kwamba nakubali kuwa yale ya kwanza hayakufanyika. Zikipatikana zile za kwanza, kadi yako itakuwa na ziada, ambayo unaweza kuitumia kwa kamisheni za miezi inayokuja au kuiomba irudishwe kwenye akaunti yako kwa maandishi. Ikiwa mkono umebana, lipa kima cha chini na uache kuitumia kadi hiyo kwa lolote hadi jambo hili limalizike, na umwombe mtu wa mtandao wa wageni akupe njia nyingine ya kulipia kamisheni kwa muda.

Malipo hayo yafanye dirishani, kadi ikiwa mkononi, na yasiwe ya siku ya mwisho.

Yule aliyekuandikia kwa faragha ni mwizi, na umefanya vyema kunyamaza. Watu hao hukaa wakivizia kurasa za benki wakitafuta mteja aliyekasirika, maana mwenye hasira hutoa siri zake upesi. Benki haihitaji zile tarakimu tatu za nyuma ili ikurudishie pesa, wala nambari ya siri inayoingia kwenye simu, kwa sababu vitu hivyo viwili ni vya kutolea pesa, si vya kuziingizia. Mfungie, na ukiweza yafute yale malalamiko uliyoyaandika hadharani, kwani yanawaita wenzake.

Wako watakaokwambia upinge muamala huo kupitia Visa au Mastercard. Utaratibu huo upo, ila ni wa mtu aliyenunua kitu kwa kadi asikipate, au aliyetozwa asichokijua. Wewe hukununua kitu. Ulikuwa unalipa deni kwa benki yenyewe, na jambo lenu ni la watu wawili tu.

Siku 14 zikipita bila jibu la maana, andika barua ya pili kwa makao makuu ya benki, kwa idara ya malalamiko, ukiambatanisha ile yenye stempu. Mwongozo wa Benki Kuu juu ya kumlinda mteja, ulioanza kutumika mwaka 2013, unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyashughulikia, na mara nyingi kuutaja tu kunatosha kuiondoa barua chini ya rundo. Wasipojibu hapo, unaipelekea Benki Kuu yenyewe nakala za yote, na usihofu safari ya Nairobi, kwani wana tawi Mombasa. Wakili simwoni bado. Hata ikifika mahakamani, dai lako halifikii shilingi 1,000,000, ambao ni upeo wa Mahakama ya Madai Madogo, na huko mtu husimama mwenyewe akaeleza jambo lake. Lakini nitashangaa likifika huko, maana jambo lenyewe ni la mstari mmoja kuhamishwa kutoka kadi moja hadi nyingine.

Na ikitokea kwamba nimekosea, wakautafuta msimbo na kukuta mstari umekwenda kusikojulikana, wakupe hilo kwa maandishi, wakitaja nambari ya akaunti iliyopokea. Kisha niandikie tena, nami nitalitazama upya.

Mambo yakinyooka, itazame kwa makini taarifa itakayofuata. Riba huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo huenda ikatokea riba ndogo ya zile siku zilizopita kati ya kutolewa kwa taarifa ya mwisho na siku ya marekebisho. Usiilipe kwa kuona ni ndogo. Nayo inatoka kwenye kosa lile lile, waambie waifute, na uonyeshe jibu lao la kwanza. Ama lile linalokuuma, la riba kuandikwa kwa jina lako, ikifutwa kwa tarehe niliyokueleza itakuwa haikuwahi kukuhusu, na ikibaki hata kidogo, swali hilo ni la masheikh wenu wa Lamu, ambao katika fani hiyo mimi ni mwanafunzi wao.

Leo jioni, kabla hujaanza kuiandika barua, ifungue simu yako, uitafute ile nambari inayoishia 4417 mahali ilipohifadhiwa, na uifute. Picha ya ujumbe wa malipo usiiguse.

Ami yako,
Malindi